Bakuli la Aliye Njiani

“Baba yako mnamwekea chakula siku gani?”

Bibi aliniuliza swali hilo Jumatano moja mchana, nikiwa nimesimama juu ya kiti nafuta vumbi kwenye kabati lake. Chuoni nilijulikana kwa kuwachosha wahadhiri kwa maswali. Siku hiyo niliulizwa mimi, nikaendelea kufuta mahali nilipokwisha kufuta.

Hakuwa bibi yangu wa damu. Alikuwa mwanamke wa Kivietinamu, miaka themanini na kitu, akiishi peke yake ghorofa ya nne katika mtaa wa Ganshoren, huku ughaibuni. Mimi nilikuwa mwaka wa pili wa kemia, na binti yake alinilipa niende mara mbili kwa wiki, nimfanyie mama yake ununuzi, nimsomee barua, nifikie vitu vilivyo juu. Siku ya kwanza, kabla hajaniuliza jina, aliniuliza umri wangu, kisha umri wa mama yangu, akahesabu kwa vidole.

“Vizuri. Mimi bibi, wewe mjukuu.”

Kwao, alinieleza, huwezi kuanza kuzungumza na mtu kabla hujajua umwite nani. Nikajiona kama niko kwetu Bukavu. Tuliongea Kifaransa, chake kikipumzika kila baada ya maneno matatu.

Juu ya kabati lile waliishi wafu wake. Kulikuwa na picha ya wazazi wake, picha ya mumewe akiwa kijana wa shati jeupe, chungu kidogo cha majivu cha kuchomekea vijiti vya udi, machungwa matatu na kikombe cha chai kilichobadilishwa kila asubuhi. Pembeni ilisimama sanamu ya mama wa huruma wa Kibudha, nyeupe, na nyuma yake kidogo Bikira Maria wa plastiki, chupa ya maji ya baraka, mwenye kifuniko cha buluu kichwani.

“Bibi, wewe hasa ni dini gani?”

“Mwezi ukiwa mpevu naenda pagoda, hekalu letu. Jumapili nyingine naenda kanisa la hapo chini.”

“Na unaamini yote mawili?”

“Kanisani wana kahawa nzuri.”

Kila mwaka, siku aliyofariki mumewe, alipika tangu asubuhi: nyama ya nguruwe na mayai, supu ya karela chungu ambayo sikuiweza, wali. Alivipanga vyote mbele ya picha, akawasha kijiti cha udi, kisha tukakaa kusubiri kiungue hadi mwisho, kwa sababu mwenye siku yake hula kwanza. Mwaka wa kwanza nilivumilia. Mwaka wa pili nilimwomba ruhusa, nikapima bakuli la wali kwa mizani ya jikoni kabla ya udi na baada ya udi.

“Limepungua gramu nne,” nilimwambia. “Ni mvuke, Bibi. Ni maji tu yametoka.”

“Hakuwa mlaji,” akasema, akanisukumia bakuli nile.

Ndiyo maana swali la Jumatano ile lilinishika. Bibi hakuuliza kwa udadisi. Aliamini kwamba mfu asiyewekewa chakula na watu wake hutangatanga na njaa, akidokoa milangoni kwa wageni. Kuna mwezi katika mwaka alikuwa akirusha mchele na chumvi kwenye roshani kwa ajili ya hao wasio na mtu, na njiwa wa Ganshoren wote walijua tarehe. Nilikuwa nimemwambia kwamba baba hayupo. Yeye akaelewa kwamba amekufa na ana njaa.

Ukweli ni kwamba baba alitoka nyumbani asubuhi moja nikiwa na miaka mitano, kwenda kumtazama ndugu yake kijijini, na vita vikafunga barabara. Hakurudi. Hakuna aliyetuletea habari, nzuri wala mbaya. Miaka minne baadaye mama alinishika mkono tukaja huku. Katika kanisa letu la Matonge, mtaa wa Wakongo wa huku, mchungaji anapoombea walio safarini, mama husimama. Anapoombea marehemu, hukaa.

Yote hayo yalikuwa marefu mno kuyaeleza juu ya kiti. Nikataja tarehe ya kwanza iliyonijia mdomoni, ya katikati ya Novemba.

Bibi alichukua kalenda yake, ile ya kuchanwa ukurasa kila siku yenye siku za mwezi mwandamo, akatafuta, akaandika kwa penseli.

“Alipenda kula nini?”

“Sambaza,” nikasema, na hilo lilikuwa kweli. “Samaki wadogo wa ziwani kwetu. Wanakaushwa.”

“Lete. Na picha yake.”

Ningeweza kukataa. Nilijiambia kwamba samaki ni samaki na karatasi ni karatasi, na asiyeamini hapotezi kitu. Lakini nilikwenda Matonge kununua sambaza, na nilipochapisha picha ya baba kutoka kwenye simu nilichagua ile anayokaribia kucheka, nikatafuta fremu iliyoifaa. Nyumbani picha zake zilikaa ndani ya sanduku. Nilitaka, hata kwa mchana mmoja, akae mahali watu wanamwona.

Siku ikafika. Bibi aliwakaanga sambaza kwa vitunguu saumu, akaonja mmoja, akapiga paja. “Hawa ni wa kwetu! Nani aliwapeleka Kongo?” Akapakua bakuli la wali, sambaza juu, akaliweka mbele ya baba, pembeni ya mume wake. Akawasha udi. Tukakaa kusubiri.

Kijiti kilikuwa kimeungua nusu, mlango ukagongwa. Alikuwa mama. Anafanya kazi katika nyumba ya wazee, vituo viwili vya basi kutoka pale, na asubuhi hiyo alikuwa amesahau ufunguo. Alipita kuchukua wangu. Bibi alimvuta ndani kwa mikono miwili.

“Bonjour, maman,” mama akasema, na harufu ikamfikia. Akacheka, akanigeukia kwa Kiswahili chetu cha Bukavu kilichochanganyika na Kifaransa. “Ah bon? Banakula sambaza mupaka huku?”

Kisha akainua macho.

“Ile ni picha ya nani?”

“Mama, ngoja nikuambie...”

“Ile ni bwana yangu. Iko inafanya nini pale na batu benye balikufa?” Hakupaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. “Nani alikuambia kama alikufa? Eh? Uliona kaburi? Donc miye niko nangojea miaka yote hii, na weye unamuzika kimya-kimya, na masomo yako yote!”

Mimi niliyedai ushahidi wa kila kitu, niliyepima wali kwa gramu, nilikuwa nimemzika mtu bila ushahidi wowote.

“Anasema nini?” Bibi akauliza.

Nikamweleza kwa Kifaransa. Kwamba hatujui kama baba amekufa. Kwamba tarehe niliitunga.

Bibi alijifunika mdomo. Kisha, kabla sijamzuia, alivuta kiti akakipanda mwenyewe, miaka themanini na kitu, akiwa na viatu vya nyumbani.

“Maman! Utaanguka!” Mama aliacha mkoba ukaanguka, akamkumbatia kiunoni kama anavyowashika wazee wake kazini. Hivyo ndivyo walivyobaki kwa muda: mama bado ana hasira, shavu lake kwenye mgongo wa Bibi, na Bibi juu, akichomoa kijiti cha udi, akiteremsha fremu, akiifuta kwa mkono wa sweta.

Aliposhuka, alimpa mama picha kwa mikono miwili, akainama.

“Nisamehe, mwanangu. Kumweka juu mtu aliye hai ni vibaya sana kwetu. Sikujua.” Akanitupia jicho, kisha akamrudia mama. “Aliondoka lini?”

Nilidhani mama hatajibu. Swali hilo nilikuwa nimeacha kumuuliza zamani.

“Alhamisi,” mama akamjibu kwa Kifaransa. “Mvua ilikuwa imenyesha. Alikunywa chai amesimama, basi nikamwambia akae kidogo, akasema atakaa akirudi.”

Bibi aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyetajiwa anwani anayoijua. Alishusha bakuli la baba kutoka kabatini, akaliweka mezani mbele ya kiti kitupu, akalifunika kwa sahani. Akaweka vijiti vya kulia chakula pembeni yake, vikielekea kwa mwenye kiti.

“Aliye njiani hachomewi udi,” akasema. “Anawekewa sehemu yake.”

Mama alikaa na koti lake mwilini. Bibi akampakulia. Alikula, picha ya baba mapajani, mpaka alipofika katikati ya bakuli.

“Chumvi mingi,” akaninong’oneza.

“Anasemaje?” Bibi akauliza.

“Anasema chumvi imezidi.”

“Mwambie samaki alinunua binti yake.”

Mama akacheka, kisha akalia, na Bibi akaendelea kumwongezea wali kama vile kulia ni sehemu ya kula.

Tangu mwezi ule, kila Jumapili tukitoka kanisani, mama hufunika sahani moja mezani kwetu. Picha ilitoka sandukuni. Imekaa ukutani, upande wetu tulio hai, si juu ya kabati. Jioni mimi ndiye ninayekula kile chakula. Bado siamini kwamba kuna anayekisubiri. Sijawahi kukipima.

Bibi alifariki miaka mitatu baadaye, na picha yake ikawekwa kabatini pembeni ya kijana wa shati jeupe, akionekana kama mama wa kijana huyo. Siku ya arobaini na tisa tangu kifo chake, ambayo kwao huadhimishwa, tukisubiri udi uungue, nilimsimulia binti yake mchana wa sambaza, kwa kuwa Bibi hakuwa amemwambia. Aliniambia kwamba baba yake, mume wa Bibi, hana kaburi. Alitoka asubuhi moja kutafuta chombo cha kuwavusha bahari wakimbie nchi, na siku ile tuliyompikia kila mwaka ilikuwa siku aliyoondoka, kwa kuwa siku ya kufa kwake hakuna aliyeijua. Kabla Bibi hajamwashia kijiti cha kwanza ilipita miaka kumi na mmoja, na katika miaka hiyo, kila jioni, kazi ya binti yake ilikuwa kulifunika bakuli la baba kwa sahani.