Kochi la Dada

Kiwandani walimwita Mzee Kamba, maana hakuna kochi lililotoka mikononi mwake bila kila springi kufungwa kwa kamba pande nane. Springi zikishikana hivyo, moja ikielemewa zingine zinaisaidia. Lakini kochi moja lilimlia siku nzima akiwa amepiga magoti, na baada ya miaka thelathini na moja mgongo wake ulikuwa hautaki tena utani.

Kisha bosi akaleta nyaya zilizopindwapindwa kama nyoka. Unazibana nne kwenye fremu, unaweka sponji, unavuta kitambaa, basi.

"Bosi, nyaya si mbaya," alisema Mzee Kamba, "ila hizi ni nyembamba, na nne hazitoshi. Zitalegea."

"Mzee, mteja anaangalia kitambaa. Nani anachungulia ndani?"

Hakubishana. Kusema kweli, siku ile magoti yake yalishukuru.

Mwaka haujaisha, akaenda kumjulia hali dada yake mkubwa, aliyekuwa amepasuliwa nyonga. Wanawe walikuwa wamemnunulia kochi jipya. Alimkuta amezama katikati, magoti yamekaribia kidevu.

"Nipe mkono, mdogo wangu. Nikikaa humu sitoki mpaka niinuliwe kama gunia."

Alimvuta, dada akauma meno kwa maumivu. Mzee Kamba akainama kutazama chini ya kochi. Kwenye pembe ya kitambaa cheusi kinachofunika chini aliuona mshono wake mwenyewe, ule wa kurudia mara mbili.

"Umeona nini?"

"Dada, hili nimelitengeneza mimi."

"Yaani ndugu yangu wa tumbo moja ndiye aliyenichimbia shimo!" Dada akacheka, lakini Mzee Kamba hakuweza kucheka naye.

Jumapili, siku yake pekee ya kupumzika, alirudi na mfuko wa springi za zamani. Alilifumua kochi. Waya mmoja ulikuwa umechomoka, tatu zimelala. Akapigilia mikanda kwenye fremu, akashonea springi juu yake, akaanza kufunga kamba. Kila akimaliza safu moja alijilaza chali sakafuni.

"Umekufa huko?" dada aliuliza kutoka chumbani.

"Bado."

Alasiri dada akaja na mkongojo wake, akakaa. Akainuka mwenyewe, akakaa tena.

"Gumu," alilalamika.

"Huo ugumu ndio unaokuinua."

Dada aliinuka mara ya tatu, taratibu, bila kumwangalia mtu, akaenda kujichotea maji mwenyewe.

Jumatatu Mzee Kamba alimwambia bosi, mgongo ukimuuma hata kusimama, kwamba hatabana tena nyaya nne. Anataka saba, tena nene. Bosi akakataa. Wakavutana mpaka chai ikapoa. Mwishowe bosi akakubali nene, lakini tano.

Mzee Kamba alikuwa amechoka. Akasema, "Haya," akaenda kutafuta nyundo yake.