Mama Usiguse na Siku ya Kugusa

Dada yangu anajulikana mtaa mzima kwa jina la Mama Usiguse, na jina hilo hakupewa kwa kuonewa. Kazi yake ni kuosha na kuunganisha vigae, yaani vipande vya vyungu vya kale, katika jumba dogo la makumbusho lililo nyuma ya shule. Ukiingia chumbani kwake ukanyoosha mkono, usiguse. Ukiegemea meza, usiguse. Hata nyumbani, akiwa anakata vitunguu nami nikitaka kumsaidia, huniambia usiguse, kisha anacheka mwenyewe. Mimi ni fundi cherehani. Kwangu kitu kikichanika kinashonwa, kikigoma kushonwa kinakuwa tambara la kupangusia mashine. Kwa hiyo miaka yote hiyo nilimwona dada ana wazimu kidogo, wazimu wa heshima.

Wazimu wenyewe ulizidi mafundi bomba walipochimba mtaro kando ya uwanja wa shule wakakuta chungu kilichovunjika. Wataalamu walikuja, wakapima, wakasema chungu kile kimewatangulia mababu wa mababu zetu, na kwamba aliyekifinyanga alikipamba kwa kubonyeza ncha za vidole vyake kukizunguka tumboni. Kisha wakaenda zao, wakamwachia dada kazi ya kukirudisha kuwa chungu. Basi tukakoma. Mezani chungu, kitandani chungu. Kitako kilikuwa tayari, shingo ilikuwa tayari, lililobaki lilikuwa tumbo, lile lenye alama za vidole.

Hapo ndipo bosi wake akaja na wazo la Siku ya Historia Yetu. Bosi ni msimamizi wa jumba, kijana mpole mwenye shati linalombana mabegani, na nilishamwambia aniletee nilipanue, hasikii. Aliona watu hawaji makumbusho kwa sababu kila kitu kiko nyuma ya kioo.

"Mama, safari hii waguse," alimwambia dada. "Tutawajazia watoto mchanga kwenye sanduku, wachimbe, wapate vigae, waende navyo nyumbani."

"Vigae gani?" dada aliuliza, na sauti ilikuwa imeshakunja ngumi.

"Vya bandia, mama. Utatutengenezea wewe."

Alinuna siku nzima, kisha akaanza kazi, na dada yangu hajui kufanya kazi nusunusu. Alimwagiza mfinyanzi vyungu vipya vyenye alama za vidole, akavivunja, akavipaka masizi na matope, akavisugua mpaka vikapata uzee. Nilipoviona nilimtania kwamba anipake na mimi kidogo nionekane mtu mzima kwenye vikao vya ukoo. Alicheka. Alijivunia vigae vyake vya uongo kuliko alivyotaka kukubali.

Siku moja kabla ya sherehe, vigae vya kweli na vya bandia vilikuwa vikikauka uani, kila sinia na karatasi yake ya jina chini ya jiwe. Kwenye vigae vyenyewe hakuandika kitu, kwa sababu wino hautulii kwenye udongo wenye unyevu, na ndivyo anavyofanya siku zote: anaosha, anakausha, ndipo anaandika. Mvua ikaja ghafla. Bosi na mlinzi wakakimbia kumsaidia, naye akawapigia kelele: usiguse! Akaingiza masinia peke yake, mbiombio, karatasi amezitia kwenye mfuko wa aproni zisilowe. Mvua ilipopita alizirudisha karatasi mahali pake, kama alivyokumbuka.

Siku ya sherehe watu walifurika. Turubai zilifungwa uwanjani, picha za zamani za mtaa zikaning'inizwa kwenye kamba, wazee wakabishana ni nani yule aliyesimama mbele ya duka la kwanza. Mimi nilipewa kugawa chai. Dada alisimama kwenye sanduku la mchanga, na nilichokiona sikukiamini. Alikuwa anatabasamu. Kila mtoto aliyechomoa kigae, dada alimfuta vumbi la kiganja na kumwambia, "Shika. Ni chako."

Kulikuwa na msichana mmoja wa gauni la njano, pindo limefumuka, zipu imeshikizwa kwa pini. Macho yangu hayapitwi na vitu hivyo. Alipata kigae akakiangalia muda mrefu, akauliza, "Kweli changu? Hamtanidai?"

"Chako kabisa," dada alimjibu.

Mgeni rasmi alikuwa njiani. Mpango ulikuwa dada aweke vipande vya tumbo mahali pake mbele ya umati, chungu kisimame kizima kwa mara ya kwanza. Aliingia chumbani kujiandaa, nami nikamfuata na kikombe chake cha chai. Kitako na shingo vilikuwa vimekaa kwenye beseni la mchanga, pembeni kuna sinia lenye karatasi iliyoandikwa "Tumbo". Akachukua kigae kimoja akakipitishia kitambaa chenye maji ili kipendeze. Kitambaa kikawa cheusi. Akachukua cha pili, akapangusa. Cheusi.

"Dada, hayo masizi yametoka wapi?" niliuliza.

Alikaa kwenye kiti taratibu, kitambaa mkononi. "Hivi ni vyangu," alisema. "Masizi haya nimepaka mimi."

Nje watoto walikuwa wanapiga vigelegele kwenye sanduku la mchanga. Nilielewa. Chungu kilichokaa ardhini salama miaka yote hiyo kilikuwa kinatoka getini kipande kipande, kwenye mifuko ya kaptura, na aliyekigawa ni dada yangu kwa mkono wake mwenyewe.

Tulitoka mbio. Karibu na choo watoto walikuwa wamechora miraba chini wanairuka kwa mguu mmoja, na kitu walichokuwa wanakirusha kwenye miraba kilikuwa kigae chenye vidole vya mfinyanzi. Dada alitoa mlio ambao sijawahi kuusikia kwa binadamu. Alikiokota akakibana kifuani, na mtoto akaanza kulia kwamba bibi amemnyang'anya.

Bosi alikuja na karatasi ya ratiba mkononi. Dada akamwambia yote kwa sentensi mbili, bila kujitetea. Uso wa yule kijana ulinywea. Sisemi ni mtu mbaya. Alikuwa na wakubwa wake, na wakubwa wake walikuwa wanakuja na mgeni rasmi.

"Mlinzi, funga geti!" aliita. "Hatoki mtoto kabla hajakaguliwa. Na wewe, mama, kikikosekana hata kimoja, usijisumbue kuja Jumatatu."

Geti lilifungwa kwa kishindo na sherehe ikageuka. Mlinzi akaanza kupekua mfuko wa mtoto wa kwanza, baba yake akamshika mkono. "Mliwapa wenyewe, sasa mnatuita wezi?" alifoka. Wengine wakadakia. Mama mmoja akasema kama ni balaa hili anakitupa mtaroni, na akanyanyua mkono kweli. Mtaro wenyewe ni ule wa maji machafu, uliojengwa kwa zege. Nilimwona dada akiuangalia ule mkono, na nikajua kwamba watu wakizidi kukasirika, chungu kitasagika mbele ya macho yake.

Akampita mshereheshaji, akachukua kipaza sauti. Dada yangu, ambaye hata kwenye harusi yangu alikataa kusema neno.

"Naitwa Mama Usiguse," alisema, na wachache wakacheka. "Walichopewa watoto wenu ni chungu cha kweli. Kile cha kwenye mtaro wa bomba. Nilichanganya masinia mimi. Siyo bosi, siyo mlinzi, mimi. Vigae nimewapa watoto mbele yenu, nikasema ni vyao, kwa hiyo ni vyao. Nawaomba tu. Mlinzi, fungua geti. Hapekuliwi mtu na halazimishwi mtoto. Anayetaka kurudisha, aje akiweke mwenyewe mahali pake, kwa mkono wake."

"Mama!" bosi alimnong'oneza kwa ukali, akamshika kiwiko. Dada hakugeuka. Mlinzi alimtazama bosi, akamtazama dada, akatazama ule umati, kisha akafungua geti. Nadhani aliogopa umati.

Tulitoa beseni nje tukaliweka mezani. Kwanza hakuja mtu. Familia moja ilipita getini bila kuangalia nyuma, na sikuweza kujua kama walikuwa na kigae au hawana. Kisha bibi mmoja akamsukuma mjukuu wake mbele. "Nenda, na ukiweke vizuri, usituaibishe," alisema. Mtoto akaweka. Dada alimwongoza kwa kidole bila kumgusa, geuza, geuza tena, hapo. Kikaingia. Watu wakapiga makofi, na baada ya hapo watoto wakajipanga. Hata yule mama wa mtaroni alikuja, amevimba mdomo, akaweka cha mwanawe.

Mgeni rasmi alifika akakuta watoto wamelizunguka beseni, mikono imejaa matope, akadhani ndivyo ilivyopangwa. Akasifu. Bosi akakubali sifa huku jasho limelowesha lile shati la kubana. Tumbo lilikuwa linafunga, alama za vidole zikifuatana kipande kwa kipande, mpaka likabaki tundu moja upande wa mbele, ukubwa wa kiganja.

Yule wa gauni la njano alikuwa amesimama mwisho wa meza. Kigae kilikuwa kwenye ngumi yake, nao wote waliokuwepo walikiona.

"Njoo, mama," dada alimwita kwa upole. "Chako ndicho cha mwisho."

Msichana hakusogea. "Nikikuwekea, nitakuja kukishika tena?"

Mimi nilikuwa nyuma ya dada, nikamfinya mgongoni. Sema ndiyo. Neno moja, mwanamke, na kazi yako umeiokoa. Bosi naye alikuwa anatikisa kichwa kwa ndiyo, tena na tena, akimtolea macho. Kila mtu pale alilijua jibu linalotakiwa. Dada alikuwa anajua zaidi kuliko sisi kwamba gundi ikishakauka, chungu kile kinaingia kwenye kioo, na kioo kinafungwa kwa kufuli.

"Hapana," dada alisema. "Utakiona tu. Hutakishika tena."

Msichana alikitazama kigae. Akapitisha kidole gumba kwenye mashimo ya vidole, moja baada ya jingine. Kisha akakitia mfukoni, akageuka, akaelekea getini.

"Mzuie!" bosi alimwambia mlinzi. "Mzuie huyo mtoto!"

Dada alisimama mbele ya mlinzi. Ni mwanamke mfupi, mlinzi angeweza kumpita kwa hatua moja. "Nimewaahidi watu kwa kipaza sauti," alimwambia. "Ukimgusa, utanigusa mimi kwanza." Mlinzi akabaki pale pale. Gauni la njano likapita getini, likavuka barabara, likapotea kwenye kona ya duka la vyuma.

Nilimchukia dada jioni ile. Nasema ukweli, nilimchukia. Tulikaa jikoni kwake, yeye anachambua mchele, mimi nimekunja mikono. Bosi alikuwa amemwambia asije mpaka aitwe, na sote tulijua maana yake. Alikuwa amemwaga unga wake mwenyewe, mbele ya mtaa mzima, kwa ajili ya mtoto asiyemjua hata jina.

"Kazi imekwenda, na chungu kina tundu," nilimwambia. "Ungesema ndiyo tu. Mtoto angesahau kesho. Ungemdanganya mtu mmoja, dunia ingeanguka?"

Aliendelea kuchambua, akatoa kijiwe akakiweka pembeni.

"Asubuhi nilimpa kama cha bandia, nacho ni cha kweli," alisema. "Hapo nilimdanganya bila kujua. Hili la pili ningekuwa najua."

Nilivuta kiti karibu, nikaingiza mkono kwenye ungo nimsaidie, na hakuniambia nisiguse.