Tundu Kwenye Ramani

Mtaani walimwita Satelaiti, na jina hilo alijitafutia mwenyewe kwa mdomo wake. Shule aliachia kidato cha pili, akakaa miaka miwili kwenye duka la fotokopi akibonyeza kompyuta za watu. Siku aliyopata kazi kwenye ofisi ya wapima ardhi alirudi nyumbani anatembea kama kainunua barabara. "Mimi sasa naiona dunia kutoka juu," akawaambia wenzake wa kijiweni. "Ukichutama nyuma ya ukuta, nakuona." Wakacheka mpaka wakashika mbavu, na jina likamganda.

Mama yake hakumwita hivyo. Yeye alimwita injinia. Alikuwa mjane, mshona mashuka, na nyumba yake ya vyumba vitatu ilikaa ukingoni mwa machimbo ya zamani ya kokoto. Alipandisha tofali moja moja miaka kumi na moja. Mteja akija kuchukua shuka alikuwa haondoki bila kusikia habari za injinia. Ndani, juu ya cherehani, alibandika ramani mbovu iliyokuwa itupwe, wino umemwagika pembeni. Hakujua inaonyesha wapi. Alijua tu imetoka mkononi mwa mwanawe.

Ofisi yenyewe ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la matairi, inanuka mpira kutwa nzima. Kompyuta tatu, printa kubwa yenye kelele kama mashine ya kusaga, viatu vya matope vimepangwa mlangoni, na kwenye kona ile fimbo ndefu ya kupimia, nyekundu na nyeupe, imeandikwa namba toka chini mpaka juu. Fimbo hiyo ilishikwa miaka kumi na tisa na mama mmoja mkavu wa maneno. Mama Fimbo, ndivyo walivyomwita. Kazi yake ilikuwa kuisimamisha wima kwenye tope, kwenye miba, kwenye uwanja wa mtu mwenye mbwa, mpaka mwenzake wa kwenye mashine asome kimo cha ardhi.

Siku moja bosi akawaita wote. Ofisi ya jiji ilitaka ramani ya bonde lote. Mtaro wa maji ya mafuriko utapita pale, na kila nyumba iliyo chini ya mita kumi na nane kutoka usawa wa bahari itabomolewa, mwenye nyumba apewe kiwanja nyuma ya dampo.

"Wiki tatu za kutembea," bosi akasema.

Satelaiti akafungua mdomo. Nani alimuuliza? Hakuna.

"Wiki tatu za nini, bosi? Data za miinuko zipo, zimepigwa kutoka angani. Nazishusha, naziingiza kwenye programu, leo leo unapata ramani."

Mama Fimbo akageuka. "Na huko angani nani kashika fimbo?"

"Mama, fimbo yako kaa nayo, itakufaa kuchungia mbuzi."

Ofisi nzima ikalipuka kwa kicheko. Bosi tu ndiye hakucheka. Alikuwa anamwangalia yule mama kuanzia kichwani mpaka miguuni, kama mtu anayeangalia kiti kilichozidi sebuleni.

Mchana huo Satelaiti alikaa mbele ya kompyuta, kola juu. Akaliingiza faili. Programu ikauliza vipimo viko kwa mfumo gani, akajibu. Ikauliza kwa mita au kwa futi, akajibu. Halafu ardhi ikatokea kwenye kioo, bonde kijani, vilima kahawia, inapendeza kama kitambaa kipya. Ila katikati palikuwa na tundu jeusi. Akasogeza mshale juu yake, programu ikaandika: hasi elfu tisa mia tisa tisini na tisa.

Bosi akapita na kikombe cha chai. "Hii nini, mlango wa kuzimu?"

"Hapana bosi, kadosari tu."

Na alijua. Usije ukasema hakujua. Namba ile ni kama mwalimu anapoandika "hayupo" kwenye daftari la mahudhurio. Maana yake kule juu mtambo haukuona kitu, ukuta wa machimbo uliukinga. Kila mpimaji anajua dawa yake: unatuma mtu na fimbo, anapima pale, unaingiza vimo vya kweli. Lakini mtu wa fimbo alikuwa kwenye korido anakula mkate mkavu, naye ndiye aliyeambiwa akachunge mbuzi. Ungetegemea Satelaiti akamwombe? Saa ile ile? Thubutu!

Programu ina kitufe cha kuziba matundu. Ukikibonyeza inaazima vimo kwa majirani wa tundu na kujaza. Akabonyeza. Majirani wenyewe wengi walikuwa sakafu ya machimbo, huko chini kabisa. Weusi ukapotea, kijani kikakaa, laini, hakina hata kovu.

"Safi sana," bosi akasema. Jina la Satelaiti likaandikwa chini ya ramani, pale kwa mchoraji.

Hakuweka nyumba juu ya ramani ile aangalie tundu lilikuwa kwa nani. Nani anakumbuka kutafuta kwao ndani ya tundu?

Wiki iliyofuata Mama Fimbo na wenzake wawili waliambiwa wabaki nyumbani, wataitwa. Aliisimika fimbo kwenye kona yake, akaifuta vumbi kwa kanga, akatoka. Satelaiti alimpisha mlangoni kwa mbwembwe, kama mlinzi wa hoteli. Wakacheka tena.

Mwezi haujaisha, akarudi kwao jioni akakuta alama ya X nyekundu pembeni ya mlango, rangi bado inachuruzika. Mama yake kakaa chini ya alama ile anachambua mchele. Mbele yake fundi seremala, jirani wa ukuta kwa ukuta, amefura mishipa. Na yeye kapigwa X, na nyumba nyingine nne za pale ukingoni.

"Machimbo yako kule chini!" fundi alikuwa anafoka. "Sisi tuko huku juu! Hayo maji yatapanda ngazi? Hii ramani kaichora mlevi!"

Mama akaweka ungo chini. "Koma. Ramani kaichora mwanangu. Jina lake liko pale, nimeonyeshwa na wale wa rangi. Wewe umesomea kompyuta?"

"Sijasoma, mama, lakini macho ninayo."

"Macho yako yanaona mpaka kwenye msumari tu. Kompyuta inaona kote. Injinia akisema tuko chini, tuko chini." Akamgeukia mwanawe, anatabasamu, macho mekundu. "Si ndiyo, baba?"

Satelaiti akasema anaumwa kichwa. Akaingia ndani.

Asubuhi alikuwa wa kwanza ofisini. Akalifungua lile faili la mwanzo, kabla ya kitufe, akazimwaga nyumba juu yake. Sita zilikaa katikati ya weusi. Ya katikati kabisa ilikuwa ya vyumba vitatu. Ramani ilisema mita kumi na nne.

Akaiiba fimbo na mashine ya miguu mitatu, akaenda kumtafuta Mama Fimbo. Akamkuta anauza mkaa, mweusi mpaka kope.

"Ooh, Satelaiti! Umeshuka? Huko juu kumeharibika nini?"

"Mama yangu, nisaidie. Nyumba ya kwetu—"

"Mbuzi wangu nitamwachia nani?"

"Nakuomba. Nakupigia magoti."

"Piga basi."

Akapiga, pale pale kwenye vumbi la mkaa, wateja wanaangalia. Mama Fimbo akamwacha hivyo mpaka akamaliza kumpimia mtu debe zima. Halafu akanawa mikono, akaichukua fimbo yake kama mtu anayempokea mtoto aliyepotea.

Wakaanzia kwenye jiwe la kipimo pale darajani, ambalo kimo chake kinajulikana, wakapanda hatua kwa hatua mpaka mlangoni kwa mama. Yeye alishika fimbo, Satelaiti akasoma na kuandika kwenye daftari. Mita ishirini na moja na nusu. Wakarudi mpaka darajani kuhakiki, hesabu ikafunga.

"Mmekaa juu kama jogoo juu ya bati," Mama Fimbo akasema. "Nusu saa tu. Mimi nilikuwa kwenye korido siku ile, na nusu saa yangu mkononi."

Bosi alilisoma daftari akiwa amesimama. Hakulimaliza.

"Fimbo kashika nani?"

"Mama Fimbo."

"Niliyemfukuza. Na aliyesoma?"

"Mimi."

"Mwenye nyumba." Akalirusha mezani. "Kijana, umeipandisha nyumba ya mama yako mita saba na nusu kwa kalamu. Nikalipeleke hili mbele za watu?"

"Bosi, njoo upime mwenyewe! Tundu lilikuwepo, nililiziba mimi!"

Bosi akaenda kufunga mlango. Alikuwa keshaelewa, uso ulionyesha. "Sikiliza. Ramani ina muhuri wangu. Siwezi kuamka asubuhi nikaenda kusema nimekosea. Lakini kuna njia. Wewe andika barua kwa mkono wako: nilibonyeza kuziba tundu, sikupima, sikumwambia mkubwa wangu. Saini. Naipeleka kesho, wanapima upya nyumba zile sita. Na wewe ukishasaini hapa usirudi, na hakuna ofisi ya upimaji itakayokupa hata kazi ya kufagia."

"Na nisipoandika?"

"Basi mama yako yuko mita kumi na nne."

Akapewa karatasi nyeupe na usiku mmoja wa kufikiri. Akaenda nayo nyumbani, imekunjwa kwenye mfuko wa shati.

Alikuta mama yake keshaanza kufunga vitu. Cherehani imefunikwa shuka, sufuria zimeingizwa moja ndani ya nyingine. Majirani wanne wamekaa kwenye mkeka, na fundi seremala kaegemea mlango, sauti imemwisha.

"Nimewaambia tusigombane na serikali," mama akasema. "Hawa walitaka kwenda kupinga. Nikawaambia, kama kuna kosa, mwanangu angekuwa wa kwanza kusema. Atamwacha mama yake abomolewe kwa uongo? Mtoto niliyemzaa mimi?"

Watu sita wanamwangalia. Ukutani ramani yenye wino bado inaning'inia, hiyo mama hakuwa ameibandua.

"Hebu waambie, injinia. Ni chini kweli?"

Karatasi ilikuwa pale, inamkwaruza kifuani. Neno moja tu lilitakiwa: nilikosea. Akaona kijiwe, akasikia kicheko chao. Akajiona nyuma ya mashine ya fotokopi, mtu anamwambia ongeza wino, we kijana. Akaona uso wa mama yake utakavyokuwa mbele ya watu hawa wote, sekunde ile ile atakapoelewa.

"Ni chini, mama," akasema. "Kompyuta imeona."

Fundi seremala akatema mate nje, akaondoka. Wengine wakamfuata wakafunge vitu vyao.

Tingatinga lilikuja Jumanne. Miaka kumi na moja ya tofali ililiwa kabla chai haijapoa. Mama alisimama pembeni kakumbatia cherehani, anamwambia dereva: "Pole pole hapo, mwanangu ni wa ofisi hiyo hiyo." Kwenye kiwanja cha nyuma ya dampo walifunga turubai, mama akaibandika ramani kwenye nguzo.

Kisha ikaja mvua, siku nne bila kupumua. Siku ya tano ikakatika, na baada ya siku mbili za jua kali mama aliamka akasema anakwenda kuangalia kwao. Satelaiti akamwambia atachafuka, kule kote ni maji. Hakusikia.

Alirudi mchana. Satelaiti alikuwa mlangoni mwa turubai, kavaa shati la ofisi. Mama akavua viatu vyake, vile vya kitambaa vya kushindia nyumbani. Akavigeuza, akavigonga kimoja kwa kingine. Vikatoa vumbi la kokoto la pale mlangoni kwao, tope hakuna hata chembe.

Akavipanga mbele ya miguu ya mwanawe, soli juu. Akaingia ndani, akaivuta ramani kwenye nguzo, akaanza kuikata kwa mkasi wa kushonea, vipande vya kuwashia moto.

"Mama..."

"Nipishe mwanga," akasema. Tangu siku hiyo hakumwita tena injinia. Hakumwita kitu chochote.