Ng'ombe Aliyezikwa kwa Neno Langu

Mpaka leo, wanafunzi wakiniletea damu ya mnyama kwenye kioo, naiangalia mara tatu kabla ya kufungua mdomo. Wao husema mwalimu wetu ni makini. Ni woga.

Wakati wa vita nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho katika idara hii hii ya utabibu wa mifugo, hapa Kindu. Treni haikufika tena, na watu walikula sombe, majani ya muhogo, bila chumvi wala mafuta. Walimu walikimbia, akabaki mmoja tu, mzee ambaye macho yake yalikuwa yameanza kufifia.

Asubuhi moja askari akaja kutuita. Ng'ombe wa mama mmoja mjane, karibu na mto, alikuwa ameanguka ghafla akafa. Tulikuta majirani wamesimama na mabeseni, na mwanamume mmoja ameshakata mguu wa mbele. Komanda naye alikuwepo, maana askari wake walikuwa na njaa vilevile.

Damu nyeusi ilitoka puani mwa ng'ombe, haigandi. Mwalimu akaninong'oneza, "Kimeta." Ugonjwa huo huua hata watu.

"Batu wasikule, komanda," akasema mwalimu.

"Munataka kuikula ninyi," komanda akajibu. "Munionyeshe huo ugonjwa."

Tukapeleka tone la damu labo, yaani maabara ya idara, komanda na askari wawili nyuma yetu. Umeme haukuwepo. Mikroskopi yetu ilivuta mwanga wa jua kwa kioo kidogo, na siku hiyo kulikuwa na mawingu. Tukangoja. Askari mmoja alikuwa akigongagonga bunduki yake kwa kidole. Jua lilipochungulia, mwalimu aliinama, kisha akainuka.

"Sioni vizuri. Angalia wewe."

Niliona vijiti vya buluu, alama ya kimeta. Au ulikuwa uchafu tu, maana dawa yetu ya kutia damu rangi ilikuwa imezeeka chupani. Sikuwa na hakika. Jua likajificha.

"Njo huo ugonjwa?" komanda akauliza.

"Njo huo," nikasema.

Hakuinama kuangalia. Aliamuru ng'ombe azikwe pamoja na ule mguu. Tuliporudi mtoni, mjane akanishika mkono: "Mwanangu, kweli umeona?" Nikasema nimeona. Watu wakarudi nyumbani na mabeseni matupu.

Siku zilizofuata, kila mtoto aliyekonda niliyekutana naye njiani, niliona ni mimi niliyemnyima nyama.

Siku ya nne, yule aliyekata mguu akaja idarani. Mkononi alikuwa na kidonda cheusi katikati, kimevimba pembeni.

"Dokta, hii ni nini? Hata haiumi."

Kimeta humtoa mtu kidonda cha namna hiyo hiyo. Nilifurahi. Nilifurahia kidonda cha mtu, kwa sababu kilinitoa katika uongo. Mwalimu alimchoma sindano za penisilini ya mifugo siku nyingi mfululizo, akapona. Nikaenda kumwambia mjane kwamba ugonjwa ulikuwa wa kweli. Alinipa kiti tu.

Sasa ninafundisha mimi. Juzi mwanafunzi mmoja, binti kutoka Kibombo, aliniuliza, "Prof, mutu akikosa hakika, aseme nini?"

Nikamsimulia yote, hata ile furaha. Akafikiri kidogo.

"Hata mimi ningesema nimeona," akasema.

Alitaka kunifariji. Nilienda nyumbani na wasiwasi juu yake, kwani mimi nilipatia kwa bahati tu.