Mkwe Aliyemwaga Maji Niliyochemsha

Nilimaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni, Mabwerebwere, nikiwa na ndevu nyingi kuliko mwalimu wangu. Nilipohamia Ulaya, si ile ya Wazungu bali kijiji cha huku Kilosa, kwao mke wangu, kulima mahindi, kijiji kizima kilijua mimi ni msomi, asiyejua nilimwambia. Somo langu lilikuwa moja tu: maji yachemshwe. Nilichemsha mpaka sufuria zikaomba likizo.

Kiangazi kimoja pampu ya kisima chetu iliharibika, tukawa tunachota lamboni, panaponywea mifugo. Jua likakaza, maji yakapungua, juu yake ukatanda ukoga wa kijani kibichi, utadhani mtu kamwaga ndoo mia za rangi. Mimi nikachuja kwa kitambaa, nikabandika jikoni. Yakatoka safi. Mwanetu alikuwa na miezi minane, ndiyo kwanza anaanza uji, na maji hayo yalikuwa ya uji wake.

Sasa, mama mkwe. Kwao, mama na mume wa binti yake hawatazamani usoni. Miaka mitatu alinipitishia maneno kwa mke wangu, hata tukiwa tumesimama hatua mbili. "Mwambie mumeo mbuzi wako shambani." Nami: "Mwambie mama nimesikia." Mpita njia angedhani sote viziwi.

Asubuhi ile alikuja mbio, khanga imemdondoka kichwani, akaingia mpaka jikoni kwangu, jambo ambalo hata nyumba ingeungua asingelifanya. Akaikamata sufuria ya moto kwa pindo la khanga, maji yote yakaenda mavumbini.

"Mama!" mke wangu akapiga kelele. "Ameshayachemsha!"

"Mbuzi wawili wa wafugaji wamekunywa kule upepo unakosukumia ukoga. Wamekufa hata nyumbani hawajafika." Akanigeukia, uso kwa uso. "Baba, ukichemsha sumu ya panya, panya anapona?"

Katika masomo yangu yote sikuwahi kuulizwa swali gumu kama lile.

"Hapana, mama."

"Basi panda baiskeli."

Nilikwenda kitongoji cha pili, kwenye kisima kirefu, nikarudi na madumu mawili. Miguu yangu iliona kama nimeendesha mpaka Dumila, mji wa mbali, na kurudi mara saba. Mtoto akapata uji mchana. Bibi yake alikuwa ameshakwenda kusimama lamboni na fimbo ya kuchungia, anarudisha ndoo moja moja. "Umeyachemsha, hujayachemsha, hapa hachoti mtu!"

Siku ya tatu akaja bwana afya kutoka Kilosa. Akatueleza kwamba ukoga ule una sumu. Kitambaa hakiizuii, na moto hauiondoi, bali huupasua ukoga ukaimwaga sumu yote majini. Huumiza tumbo na ini, na mtoto mdogo ndiye huumia kwanza. Kisha akauliza, "Nani aliyewazuia kuchota mapema hivi? Ameokoa watu."

Vidole vyote vikanielekea mimi, kwani walidhani msomi ndiye aliyemtuma bibi na fimbo yake. Mungu anisamehe, nilifungua mdomo kukubali. Lakini nikamwona mwanangu mgongoni kwa bibi yake, mzima, anatafuna ncha ya khanga kwa nguvu za watu wanne.

"Si mimi," nikasema. "Ni mama yangu, yule aliyembeba mtoto."