Inveta ya Kichwa cha Koko

Koko wangu, ndivyo tunavyomwita bibi, aliacha kwenda kanisani kwa sababu ya nywele. Hazikuwa hata nyingi. Zilikuwa nyeupe, fupi, zimesimama kama mabua ya ngano baada ya kuvuna, na mtu wa mjini angesema tu, bibi ana mvi nzuri. Lakini kwetu, juu ya Ngaramtoni, mama mtu mzima ananyoa kichwa mpaka kiwe kitupu. Anayeachia nywele ziote ni mwanamke aliyetoka kujifungua. Basi wenzake wakamkamata njiani na ndoo zao za maji.

"Hongera, mama mzazi! Mtoto tunakuja kumwona lini?"

Koko akacheka nao mpaka akashika kiuno. Jumapili iliyofuata akabaki nyumbani, akasema ana mafua. Iliyofuata tena akasema mafua bado hayajaisha.

Mafua hayakuwepo. Kulikuwa na mkono wa babu.

Kwa desturi yetu wanawake hunyoana wao kwa wao. Mmoja anakaa chini, mwingine anakaa nyuma yake na wembe na kikombe cha maji yaliyotiwa maziwa kidogo. Koko alikuwa na rafiki yake wa kunyoana tangu usichana wao. Huyo rafiki alipofariki, babu aliushika wembe bila kumuuliza mtu. Wazee wenzake walimcheka sana, mwanaume mzima mwenye ng'ombe wake, ati anamnyoa mke. Babu akawajibu kwamba ng'ombe hawajalalamika. Tangu nipate akili nimewaona hivyo, wamekaa nyuma ya nyumba pale upepo usipofika, yeye ameinama juu ya kichwa cha koko kama mtu anayechambua mchele.

Nadhani mimi ndiye niliyeugundua mkono kwanza. Kwetu mtoto haamkii kwa mdomo peke yake. Unainamisha kichwa, mzee anakigusa. Siku moja nikasema shikamoo babu, nikainama, kiganja chake kikatua utosini kwangu kikipiga-piga kama moyo wa kifaranga. Haikupita muda wembe ukamkata koko nyuma ya sikio. Akajaribu siku nyingine, ukamkata tena. Babu akaufunga wembe kwenye kitambaa, akauchomeka juu ukutani, akasema basi.

Sasa, mimi ni kinyozi. Ndiyo, msichana, na ndiyo, wateja wangu wengi ni wanaume. Niliishia darasa la saba, nikajaribu kusuka, vidole vikanikataa, nikahamia kwenye mashine. Nanyoa kwenye saluni ndogo mjini, kata ya Sokon I, na nikiwa nanyoa huwa naota. Ndoto yangu ni kirikuu, lile gari dogo la kubebea mizigo, nyuma nimeweka kiti cha kinyozi, kioo na muziki, nazunguka sehemu ambazo umeme haujafika, kote kuzunguka mlima mpaka Momela. Mapazia nimeshayachagua. Ni ya njano.

Kwa hiyo niliposikia habari za nywele za koko nilifurahi, nisifiche. Nikaona kazi imenifuata yenyewe. Nikapanda na wembe mpya mfukoni.

"Koko, kaa hapa. Leo unatoka malaika."

"Atakayeninyoa nani?"

"Mimi. Kinyozi wa ukoo si ni mimi?"

"Kinyozi wangu yupo," akasema, akamwonyesha babu kwa kidevu. Babu alikuwa anawakatia ng'ombe majani. Hakugeuka.

"Koko, lakini mkono wa babu..."

"Huo mkono nimeujua kabla mama yako hajazaliwa. Utanifundisha wewe?"

Nikanywea. Baadaye, tukiwa jikoni tunapepeta mahindi ya loshoro, yale ya kupika na kuchanganya na maziwa mgando, akaniambia taratibu, macho yake kwenye ungo.

"Babu yako si mwongeaji, unamjua. Anaweza kukaa kutwa na maneno yasiyojaza kijiko. Lakini akikishika kichwa changu anaongea. Habari za mama yake, za ng'ombe waliokufa na ukame, za vitu anavyoviogopa, zote nimezisikia nikiwa nimempa kisogo. Ukininyoa wewe nitakuwa msafi, mjukuu wangu, ahsante. Halafu mimi na yeye tutaongea lini?"

Niliondoka na wembe wangu ukiwa bado kwenye karatasi yake.

Njia nzima kurudi mjini niliwaza mashine. Mashine ya kunyolea, ukiirekebisha meno vizuri, haikati ngozi hata mkono ukicheza. Tatizo ni kwamba nguzo za umeme zimeishia kwenye mashine ya kusaga, huku chini, na nyumbani kuna sola ya taa na simu tu. Zile mashine za kuchaji nilizitoa kwenye hesabu mapema. Kwenye mvi ngumu za wazee zinang'oa badala ya kukata, mteja anaruka kama ameumwa na siafu. Ilibaki mashine yetu ya saluni, ya waya, na swali la umeme wa kuiwasha utoke wapi. Mjomba, mtoto wa koko, ana kirikuu cha kubebea kabichi kupeleka soko la Kilombero. Kirikuu kina betri. Kilichokosekana ni inveta ya kuugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani.

Nikaenda duka la vifaa vya sola mjini. Muuzaji, Mchaga mmoja mcheshi mwenye kalamu sikioni, akaniuliza swali la maana kuliko yote.

"Unataka kuwasha nini, dada?"

Ningejibu, mashine ya kunyolea. Badala yake nikamweleza kirikuu changu ambacho sina. Taa kuzunguka kioo, spika mbili, friji ndogo ya soda za wateja, mpaka Momela. Alinisikiliza kwa heshima.

"Dada, hiyo siyo saluni, hiyo ni bendi!"

Akanishushia inveta kubwa kama begi la shule, ina wati nyingi mpaka nikaona aibu. Tukaijaribu kwa taa, maana huku kwetu kila kitu cha umeme kinajaribiwa kwa taa. Ikiwaka umeshanunua. Ikawaka. Nikaibeba kifuani kama mtoto.

Jumamosi tukapanda na mjomba. Akasimamisha kirikuu nyuma ya nyumba, tukafunga nyaya, nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Inveta ikawaka, na feni yake ikaanza kuvuma kama trekta. Nikaunga mashine, na badala ya ule mlio wake wa paka aliyeshiba, ikapiga kelele kama nyuki waliofungiwa kwenye debe. Nikaiweka kwenye mkono wangu, maana kinyozi huanza na ngozi yake mwenyewe. Ilitetemeka vibaya na ilianza kupata moto. Nikajiambia ni ugeni tu, itazoea.

Babu akaishika. Koko akakaa, akainamisha kichwa, akafumba macho. Babu akapitisha mstari mmoja nyuma ya kichwa, akafungua mdomo kusema kitu.

"Unasemaje?" koko akauliza.

Babu akarudia.

"Unasemaje?"

Babu akanirudishia mashine.

"Inapiga kelele," akasema, akaenda kwa ng'ombe wake.

Koko alibaki pale na mstari wake mmoja mtupu katikati ya mvi.

"Mama, umekuwa kama shamba lililolimwa tuta moja, trekta likaharibika," mjomba akasema. Koko akamrushia kandambili. Alicheka, lakini alikuwa anaangalia kule alikokwenda babu, na mimi nikatamani ardhi ya Arusha nzima inifunike.

Juu ya yote hayo, ile inveta ilikuwa imeinyonya betri. Kirikuu kikagoma kuwaka, tukakisukuma kwenye mteremko, mjomba akiniita mhandisi.

Nilirudi dukani na inveta yangu, na safari hii mashine ya kunyolea nikaibeba kwenye begi. Muuzaji akaziunganisha mwenyewe, akasikia ule mlio, akatoa kalamu sikioni.

"Kumbe ni ya sumaku! Dada, si ungeniambia? Ulinieleza habari za soda."

Akanichorea juu ya boksi. Umeme mzuri, alisema, unapanda na kushuka kama vilima, taratibu, wa mviringo. Hizi inveta za bei nafuu zinaupandisha na kuushusha kama ngazi. Taa haijali ngazi. Mashine ambayo meno yake yanachezeshwa na sumaku inajali, kila ngazi inajikwaa, ndiyo hiyo kelele na huo moto. Inayotoa vilima, wenyewe wanaiita pyua. Akaniwekea mezani moja ndogo kama kitabu cha nyimbo, nzito kuliko inavyoonekana, na nyaya zake nene na fupi. Feni yake huzunguka ikipata joto tu, na betri ikikaribia kuchoka inalia, kisha inajizima yenyewe.

"Itabeba spika?" nikauliza.

"Ndogo ndiyo, kubwa wala."

"Na friji?"

"Friji usithubutu. Pyua kubwa ipo, ukikaa vizuri utaifuata siku moja." Akaniangalia. "Kwani sasa hivi unamnyoa nani?"

Niliyatazama yale mapazia yangu ya njano, hapo hapo dukani, yakijikunja.

"Simnyoi mimi," nikamwambia. "Kuna mzee anamnyoa mkewe. Wakiwa wananyoana ndipo wanapoongea."

Muuzaji hakutania. Akaunga inveta ndogo kwenye betri, akaunga mashine. Nikaisogeza karibu na sikio langu, nikafumba macho kama koko.

"Niongeleshe," nikasema.

"Nikuongeleshe nini?"

"Chochote. Kwa sauti ya mzee."

Akakohoa kidogo. Kisha, kwa sauti ya chini kabisa, akasema mama yake kule Machame amepanda mparachichi mbele ya nyumba na hataki ukatwe ingawa unatia giza sebuleni, na kwamba yeye akimpigia mama simu humuuliza habari za mparachichi kabla ya kumuuliza habari za afya. Nilisikia kila neno. Mashine ilikuwa inakoroma tu pembeni, kama yule paka aliyeshiba.

"Hii hii," nikasema.

Ile kubwa aliipokea, akanung'unika kiasi cha kulinda heshima ya duka, tukamalizana.

Tulipopanda tena, babu hakutaka. Alisema ana kazi na zizi. Sikubishana naye, mzee habishiwi. Niliwasha tu mashine, nikaiweka kwenye kiganja chake na kumwacha nayo. Aliitazama. Akaipeleka karibu na sikio, akaitoa, akairudisha. Kisha akaenda kusimama nyuma ya koko, ambaye alikuwa ameshakaa muda mrefu na kitenge mabegani, anajifanya anachagua maharage.

Nilimwonyesha kitu kimoja tu cha kazi yangu, kwamba kiwiko akiegemeze begani kwa koko, mkono utulie. Ulitulia kiasi. Haukutulia wote, lakini meno ya mashine yalikuwa yanateleza juu ya kichwa bila kudhuru, na mvi zikaanza kudondoka kwenye kitenge. Nikaondoka kabla sijafukuzwa.

Nikakaa kwenye kirikuu na mjomba. Akanyoosha mkono kwenye redio, nikaupiga.

"Acha betri ya watu."

"Betri ya nani? Gari si langu?"

"Mjomba, nyamaza."

Tulisikia mashine kwa mbali, halafu chini yake tukaisikia sauti ya babu. Maneno hayakutufikia, na sidhani yalitakiwa kutufikia. Ilikuwa sauti tu, ndefu, inakwenda, inapumzika, inaendelea, na koko akiitikia, "Ehe... ehe... kumbe?" Kuna mahali babu alinyamaza kabisa na koko hakumharakisha. Kuna mahali alicheka, babu yangu, ambaye kucheka kwake huwa ni kwa pua tu. Mjomba aligeuza uso akaangalia mlima, akasema una mawingu leo. Mlima ulikuwa wazi kabisa, hauna wingu hata moja.

Baada ya muda mashine ilizimwa. Nikatoka kwenda kukagua. Kichwa kilikuwa safi. Hakikung'aa kama cha wembe, siwezi kudanganya, lakini hakikuwa na mstari wala jeraha, cha kwenda nacho kanisani na kukaa kiti cha mbele. Babu alikuwa anapuliza nywele kwenye meno ya mashine, kama alivyoniona nikifanya.

"Nimemaliza," akasema.

Koko akapitisha kiganja kichwani, polepole, mbele, pembeni, mpaka kisogoni. Akasimamisha vidole mahali ambapo hapakuwa na unywele hata mmoja.

"Bado hapa," akasema. "Rudia."

Babu akapaangalia. Akaniangalia mimi, nikatazama pembeni. Kisha akawasha mashine.