Mashua Iliyotupita Mteremkoni

Jumamosi nilipanda pikapu ya rafiki yangu, mwalimu mstaafu, tukiivuta mashua yake ndogo kwa tela kutoka Konde. Mteremkoni akakanyaga breki, na mashua ikatupita kwa kulia.

"Subhanallah! Nani huyo anayekimbiza mashua hivyo?" akauliza, kabla hajaitambua. Alikuwa amesahau kutia pini ya kulifungia tela kwenye pikapu.

Mbele, kando ya barabara, bibi mmoja alikuwa amekaa akigeuza karafuu juu ya jamvi. Tela likamwendea moja kwa moja, likazama mchangani, likasimama shubiri moja kutoka kwenye magoti yake. Hakunyanyuka.

Tulimkimbilia. Akaitikia salamu zetu, kisha akanyoosha kidevu kuelekea magharibi.

"Mwalimu, bahari iko kule."

Akaendelea kugeuza karafuu zake. Mimi, niliyekuwa nimefunga mkanda wa gari, ndiye niliyeomba maji.